Mgongo wa mama si farasi: Fizi inahitaji punda wa kushirikiana

Baraka, Fizi – Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Ubwari, njia zinazoingia mjini Baraka zinajaa wanawake. Wanatoka vijiji vya barabara ya Fizi-centre, wanatelemka toka milimani, wengine wanatoka katika familia zilizohama makwao na zinazokaa kwa wenyeji. Migongoni wamebeba muhogo, mahindi, makala, kuni, vidumu vya mawese. Kamba imebana kipaji cha uso, shingo imeinama, na mara nyingi kuna mtoto mbele, kifuani, kwa sababu mgongo hauna tena nafasi.

Sehemu kubwa ya mizigo hiyo si yao. Mama aliyehama makwao hana shamba, kwa hiyo anabeba gunia la mfanyabiashara ili apate franka za unga wa jioni. Akiteleza na gunia likapasuka, analipa. Akichelewa, bei inapunguzwa. Akiugua, kesho yake anabeba mwingine, na mwenye gunia hata hajui jina la yule wa jana.

Waswahili wana msemo wa zamani: punda afe, mzigo ufike. Huko Fizi punda ni wachache mno, lakini msemo unafanya kazi kila siku. Anayechakaa ili mzigo ufike ni mama. Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayelishangaa, na ndipo ubaya wake ulipo. Linaitwa desturi, linaitwa umaskini, linaitwa vita. Sehemu yake moja ni uzembe tu, na uzembe una dawa. Familia kumi na mbili zisizo na uwezo wa kununua mnyama mmoja mmoja zinaweza kununua wawili kwa pamoja na kuwatumia kwa zamu. Wanaosema haiwezekani wanapashwa kuombwa sababu, na sababu zao zipimwe moja moja.

KWA NINI FIZI HAINA FARASI

Wako wanaouliza, na watoto ndio wa kwanza: kwa nini inchi zingine zina farasi na hapa hamna? Jibu halitokani na uvivu wa mababu. Linatokana na wadudu. Mbung'o, yule inzi anayeleta malale kwa watu, analeta pia ugonjwa wa namna hiyo kwa wanyama, na farasi ni mmoja wa wanaouvumilia vibaya kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi kandokando ya ziwa Tanganyika; mnyama mgeni angeponea wapi? Kuna pia ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi, vijidudu vidogo vinavyouma usiku. Farasi asiyechanjwa akiupata, ni mara chache sana anapona. Katika mlipuko mkali wanaweza kufa 9 kwa 10.

Wageni walijaribu. Mwaka 1871 Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa safari ikiwa bado changa. Hata punda wake wengi hawakufika. Alipofika Ujiji mwezi wa 11, kisha akapanda na Livingstone katika mtumbwi hadi mdomo wa mto Rusizi, mali yake ilikuwa imevuka inchi nzima juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Biashara yote ya pembe za ndovu kati ya ziwa hili na pwani ilitembea hivyo hivyo. Farasi alipokufa, mzigo haukuachwa chini. Ulihamishiwa kwa mtu.

Serkali ya kikoloni ya Wabelgiji ilifuata njia ileile. Katika vita vya 1914 hadi 1918, jeshi la Force Publique lilipovuka kwenda kupigana na Wajerumani upande wa Tanganyika, vyakula na risasi vilibebwa na maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu, na wengi hawakurudi kwao.

Kisha ukaja mwaka 1965. Silaha za waasi zilivuka ziwa toka Kigoma hadi Kibamba, katika ardhi hii ya Fizi, na zilipashwa kupandishwa mlimani. Che Guevara, aliyekuwa pale na Wakuba wake, aliandika baadaye kwamba wapiganaji walikataa kubeba. Jibu lao lilikuwa kwamba wao si magari. Watu wa Fizi wanaolijua jambo hilo hucheka wakilisikia. Lakini walitazame vizuri: mwanaume mwenye bunduki aliweza kusema yeye si gari, na mkubwa wake akakosa la kufanya. Mama mwenye njaa hana bunduki. Hajawahi kupewa nafasi ya kutamka maneno hayo, na miaka zaidi ya 60 imepita.

KIPIMO CHA PUNDA NA KIPIMO CHA MAMA

Watu wanaofuga punda wana kanuni inayojulikana: mnyama asibebeshwe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na safari ikiwa ndefu au ya mlima, ipunguzwe hata hapo. Punda wa kawaida wa Afrika ya Mashariki mwenye kilo 120 anapashwa basi kubeba kilo 40, si zaidi. Mzigo ugawanywe pande mbili, usikae juu ya uti wa mgongo, na chini yake pawe na kitambaa kinene au gunia lililojazwa majani ili ngozi isichubuke.

Mama mwenye kilo 55 anabebeshwa gunia la kilo 50. Kwa kipimo cha punda angebeba kilo 18. Hakuna anayempimia, hakuna anayeuliza gunia linakaa wapi mgongoni, na wala hakuna kitambaa. Akiwa na mimba ya miezi sita bado anabeba. Wauguzi wa vituo vya afya wanajua yanayofuata: mgongo, shingo, mimba zinazotoka, kizazi kinachoshuka. Mwenye kujali punda wake zaidi ya namna kijiji kinavyojali mama zake si mtu wa ajabu. Kijiji ndicho cha ajabu.

Hapo ndipo punda anapoingia, na yafaa ieleweke vizuri anachoweza. Punda mmoja hatamaliza kazi ya wanawake watano. Anabeba kilo 40, pungufu ya gunia moja. Ila anabeba hizo kilo 40 siku baada ya siku, katika njia nyembamba ya mlima ambayo pikipiki haipiti, hanywi mafuta, anakula majani na mabua ya mahindi, na akitunzwa anaishi miaka 20 na zaidi. Mama anatembea kando yake akiwa amenyooka, na mtoto wake anarudi mgongoni, mahali pake.

Kuhusu kupanda juu yake: mtoto anaweza, mgonjwa mwepesi anaweza kwa kipande kifupi cha njia. Mtu mzima mwenye kilo 70 ni mzigo kupita kiasi kwa punda mdogo. Wale wanaoota kupanda punda kama farasi wa sinema, wakati mke anafuata nyuma na gunia, waambiwe mapema kwamba huyu mnyama hakununuliwa kwa ajili yao. Kwa mama mjamzito aliyeanza uchungu, kipoyi cha vijana wanne bado ni salama zaidi. Lakini vijana hao wanne wanatembea haraka zaidi punda akiwa amebeba maji, nguo na chakula cha wale watakaobaki na mgonjwa hospitali ya Nundu.

«TUNA MOTO»

Sababu ya kwanza ya wapinzani ni hii: siku hizi kuna moto, nani anarudi kwa punda?

Ni kweli moto imebadilisha maisha. Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Uvira, Baraka na Fizi, motari anafika kwa saa chache mahali ambapo mtembea kwa miguu anatumia siku. Hakuna mwenye akili atakayesema motari wafunge kazi. Lakini wanaosema hivyo waulize mkulima analipa nini. Mafuta yakipanda bei, nauli inapanda. Mvua ikinyesha, mto ukajaa na udongo ukawa uji, nauli inapanda tena. Mwenye gunia moja la muhogo akilipa moto ya kwenda na ya kurudi, kinachobaki mkononi ni kidogo kuliko alichomlipa motari. Ndiyo maana anaamua kubeba, au kumpa mama mwingine abebe kwa franka kidogo. Moto haikumwondoa mama njiani. Imemwachia mizigo ambayo bei yake haiwezi kulipa nauli.

Na motari mwenyewe, mara nyingi, si mwenye moto. Kijana anapanda chombo cha tajiri na kila jioni anapashwa kupeleka versema, abiria wawepo wasiwepo. Amebeba watu wawili au watatu kwa pamoja ili apate hesabu ya bosi, na wakianguka, deni linabaki palepale. Familia zinazopanga kuuza shamba ili kijana apate moto yake zifikirie vizuri: chombo kinachohitaji mafuta toka mbali, vipuri toka mbali na barabara isiyo na mashimo ni chombo cha amani. Katika njia za milimani, mwenye miguu minne anashinda mwenye magurudumu mawili.

Kuna pia vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Jeshi la serkali lina vyake, makundi yenye silaha vyake, na hata wakusanya kodi za kawaida wana kamba yao. Kila anayepita na mzigo anajua bei ya kamba. Moto inalipishwa zaidi kwa sababu inaonekana ya tajiri. Mtembea kwa miguu naye hasamehewi. Punda hataondoa kizuizi hata kimoja. Kazi hiyo ni ya serkali. Lakini kama viongozi wataanza kumtoza punda siku ya kwanza anapoonekana, watakuwa wametoza pumziko la mama, na wajue watu watawakumbuka kwa hilo.

LIKELEMBA YA MIGUU MINNE

Sababu ya pili: punda ni bei, na waliohama makwao hawana kitu.

Jibu liko tayari mikononi mwa wanawake wenyewe. Fizi nzima inajua likelemba: kila juma kila mmoja anatoa kidogo, na mmoja anakula zote, kwa zamu. Inajua AVEC, na sanduku lake lenye kufuli tatu na funguo zilizogawanywa kwa watu watatu. Wanawake waliojenga nyumba, waliolipia watoto shule na kununua nyavu kwa njia hiyo wanashindwaje kununua mnyama? Neno shirika limeharibika masikioni mwa watu. Ukilisema, wanatazama barabarani kama kuna gari jeupe linakuja. Zamani lilimaanisha kushirikiana mali. Shamba la shirika, mtumbwi wa shirika. Wavuvi wa ziwa hili wamekuwa wakimiliki mtumbwi pamoja na kugawana ndagala tangu zamani, bila kufundishwa na semina. Punda wa shirika ni mtumbwi wa nchi kavu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mfano tu, chukua kwamba punda wawili, pamoja na kivuko na makaratasi, wanafika Baraka kwa dola 600. Bei ya kweli itajulikana sokoni. Familia 12 zikitoa dola moja kila juma, pesa hiyo inatimia kwa majuma 50, yaani karibu mwaka mmoja. Likijitokeza shirika la msaada likatoa nusu, ni majuma 25. Dola moja kwa juma si kidogo kwa familia inayolala chini ya bashi. Lakini ni pungufu ya kile kinachotoka katika nyumba hiyohiyo kwa dawa za mgongo na kwa siku ambazo mama alishindwa kuamka.

Kwa nini wawili? Kwa sababu punda hapendi kuishi peke yake. Akitengwa anadhoofika, anakataa kula, anatoroka kutafuta wenzake. Wawili wanatulia. Familia 12, punda 2, siku 6 za kazi: kila familia inapata punda mmoja kwa siku moja kila juma, na siku ya saba wanyama wanapumzika, iwe Jumamosi au Jumapili kadiri kundi litakavyokubaliana. Asiyehitaji siku yake anaweza kuikodisha kwa mwingine, na sehemu ya malipo inaingia katika sanduku kwa ajili ya dawa na kwato. Familia mbili zenye mzigo wa njia moja zinaweza kubadilishana siku, punda wote wawili wakatoka pamoja. Hakuna anayekaa na punda nyumbani kwake kama mali yake.

Kanuni ziandikwe kabla ya mnyama kuvuka ziwa, si baada. Nani analisha siku ipi. Aliyemrudisha na kidonda mgongoni analipa nini. Aliyempakia kupita kiasi anapoteza zamu ngapi. Punda jike akizaa, kwani anabeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, yule mtoto ni wa kundi na hafanyi kazi kabla hajatimiza miaka kama mitatu. Familia ikirudi kwao, inarudishiwa kiasi gani cha mchango wake. Mambo hayo yakiachwa kwa imani, urafiki utakufa kabla ya punda.

Na liandikwe kwa majina ya wanawake. Hapa lazima pasemwe wazi. Mali ikianza kuingiza pesa, mara nyingi inabadilisha mwenyewe. Mwanaume ambaye hakuwahi kushika kamba ya gunia ataona haya kubeba, lakini hataona haya kushika kamba ya punda na kupokea franka za kukodisha. Kama mnyama atakuwa wa baba na mama akabaki na gunia lake, basi Fizi itakuwa imeongeza mnyama wa kuteseka bila kumpunguzia yeyote mateso. Wanaume wasaidie kujenga zizi, kukata majani, kulinda usiku. Funguo za sanduku zikae kwa waliokuwa wakibeba.

WATAIBA, WATAKUFA, NI AIBU

Sababu ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini: wenye silaha wataiba. Katika milima hii ng'ombe wameibiwa, watu wameuawa kwa ajili ya ng'ombe, na tangu mapigano yalipoongezeka upande wa Minembwe mwaka 2019 vijiji vingi vimebaki majivu. Hofu hiyo haipashwi kudharauliwa. Lakini ng'ombe ni nyama na ni pesa, mwizi anamuuza siku ileile. Punda haliwi Fizi, hachinjwi kwa arusi, na anayeonekana naye ghafla katika kijiji ambacho hakina punda atajibu maswali. Awekewe alama sikioni, aandikishwe kwa mkuu wa kijiji na kwa ofisi ya ufugaji, na picha yake ikae katika simu za watu wengi. Pikipiki nazo zinaibiwa kila siku, na hakuna aliyesema kwa hiyo zisinunuliwe.

Kuna hatari nyingine inayotoka mbali. Ngozi ya punda inatafutwa sana kwa ajili ya dawa ya Kichina inayoitwa ejiao, na katika Afrika ya Mashariki punda wengi waliibiwa na kuchinjwa usiku. Mwezi wa 2 mwaka 2024, Umoja wa Afrika uliamua kusimamisha kuchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Viongozi wa Fizi walijue hilo sasa, ili siku atakapokuja mnunuzi wa ngozi na pesa nyingi asikute mlango wazi.

Na kama vita itafika tena? Waliokimbia wanajua jibu. Usiku wa kukimbia, kitu kisichotembea chenyewe kinaachwa. Punda anatembea. Anaweza kubeba mtoto, sufuria na godoro, hahitaji mafuta, wala hangojei barabara. Familia ngapi zimewahi kuchagua, gizani, kati ya kumbeba bibi na kubeba unga?

Sababu ya nne: punda atakufa kwa magonjwa kama farasi. Hapana, si kama farasi. Ule ugonjwa wa farasi wa Afrika mara nyingi unampitia punda bila kumwangusha. Mbung'o anaweza kumletea ugonjwa, lakini anavumilia kuliko farasi. Lakini hakuna kujidanganya: punda anakufa vilevile, na wale wa Stanley ni mfano. Anayemuua zaidi ni mtu, kwa mzigo mzito, kidonda kisichooshwa, kwato zisizokatwa, kiu. Punda anahitaji maji safi kila siku, lita 10 hadi 25 kadiri ya joto na kazi. Anahitaji paa, kwa sababu manyoya yake hayazuii mvua vizuri, na Fizi ina mvua. Maeneo ya juu yenye majani na baridi yanamfaa kuliko misitu ya chini yenye mbung'o, kwa hiyo kundi lifikirie atalala wapi kabla ya kufikiria atabeba nini. Na daktari wa mifugo aulizwe kabla ya sindano yoyote, kwani dawa iliyomponya ng'ombe wa jirani inaweza kumuua punda.

Mwenye kusema kwamba hayo yote ni kazi nyingi kwa ajili ya mnyama, ajiulize ni lini mara ya mwisho alifanya nusu yake kwa ajili ya yule mama anayembebea gunia.

Sababu ya mwisho ni aibu. Wanasema punda ni wa watu wa nyuma, na fadhila yake ni mateke. Wavuke ziwa watazame. Tanzania ina punda laki kadhaa, kule Dodoma, Singida, Shinyanga, Manyara na Arusha. Wanabeba maji, mahindi, kuni, na hakuna anayewacheka wenye nao. Reli inatoka Dodoma hadi Kigoma, na toka Kigoma maboti yanavuka kuja upande huu kila juma. Kama cimenti na vitenge vinavuka, mnyama naye anaweza kuvuka, akiwa na karatasi za afya.

WANAOPASHWA KUFANYA JAMBO

Mashirika ya msaada yanapita Baraka na Fizi na magari makubwa. Yanagawa mbegu, majembe, unga, mabashi, kisha mama anabeba kilo 50 za msaada kilomita 15 hadi anapolala. Kabla ya kuhesabu tani zilizogawanywa, yahesabu ni migongo mingapi ilizimaliza njiani. Yanayotaka kusaidia yaweke nusu ya bei ya punda kwa kila kundi lililokwisha kuchanga nusu yake, yalete mtu wa kufundisha kutengeneza tandiko na kukata kwato, na yasilete punda wa bure. Mnyama wa bure hana mwenyewe. Akiumwa, watu watangojea shirika lirudi.

Wakuu wa sekta za Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, na meya wa Baraka, wanaweza kuandika karatasi moja bila bajeti yoyote: punda wa makundi ya wanawake halipi kodi wala kizuizi. Wakamanda wa jeshi wanaweza kuisoma kwa askari wao. Ofisi ya ufugaji inaweza kuandikisha wanyama bila kudai kitu mkononi.

Wafanyabiashara wa soko la Baraka wanaweza kuanza kesho, hata kabla punda wa kwanza hajafika: mama asibebeshwe zaidi ya kilo 25, gunia lifunguliwe na ligawanywe kwa wawili, na kila mmoja alipwe bei ya haki. Watasema faida itapungua. Ndiyo, itapungua. Sehemu ya faida hiyo ilikuwa inatoka katika uti wa mgongo wa mtu.

Na wanawake wenyewe, wenyeji pamoja na waliohama, wana likelemba zao. Juma hili kundi moja linaweza kuuliza swali hilo mwishoni mwa kikao, wakati sanduku bado liko wazi: dola moja kwa juma, familia 12, punda wawili, zamu iliyoandikwa. Wakikubali wanne tu, waanze wanne, wachukue karibu miaka mitatu. Farasi hakuwahi kufika Fizi, na pengine hatafika. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Ubwari, njia ya Baraka itajaa tena, na anayekutana na mama aliyeinama chini ya gunia ampishe njia. Mwenye nguvu ashike upande mmoja.